Kutunga Hadithi ya Kweli: Kuzama kwa Meli ya Bukoba

 Leo hatukuja kusimulia hadithi. Twataka kusema juu ya kazi ya kuitunga, na hasa hadithi ndefu, yaani riwaya, inayohusu jambo lililotokea kweli na ambalo wako watu wanaolilia hata leo.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha ualimu tunachofundisha, kijana mzaliwa wa Kyerwa, alituletea daftari lake akasema, "Mwalimu, nataka kuandika riwaya juu ya kuzama kwa M.V. Bukoba. Nataka iwe ya kweli. Nifanyeje?" Tukalifungua daftari, tukasoma ukurasa wa kwanza. Tukakuta usiku wa manane, dhoruba kali, mawimbi marefu kama nyumba, mwezi mpevu ukiangaza juu ya maji, na kijana shujaa akimwita mama yake kwa simu ya mkononi huku meli ikizama.

Tulimwambia aiache kazi hiyo. Tulisema kwamba kidonda kile hakijapona, na mtoto asiyekuwa amezaliwa siku zile asikichokoe. Naye akatujibu kwa adabu, "Mwalimu, dada yake bibi yangu alikuwa katika meli ile. Alikwenda Mwanza kuuza ndizi. Jina lake halimo katika karatasi yo yote. Nisipoandika mimi, nani ataandika?"

Hatukuwa na jibu. Basi tuliketi naye, tukaanza upya. Na tuliyoyaona katika kazi hiyo ndiyo twataka kuwapa leo.

Kwanza yafaa tukumbushane habari yenyewe. M.V. Bukoba ilikuwa meli ya Shirika la Reli la Tanzania, iliyobeba abiria na shehena katika Ziwa Viktoria, baina ya Bukoba na Mwanza. Ilijengwa kuchukua abiria 430 na shehena ya tani 850. Siku ya Jumatatu, tarehe 20 Mei 1996, iling'oa nanga Bukoba, ikapita bandari ya Kemondo kupakia watu wengine na ndizi nyingi, ikasafiri usiku kucha. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei, ikiwa imekaribia Mwanza, ililala ubavu kisha ikapinduka. Mamia kwa mamia ya watu walikufa. Hesabu nyingi zilizoandikwa tangu siku ile ni baina ya watu 800 na 1,000. Rais Benjamin Mkapa alitangaza maombolezo ya siku tatu kwa nchi nzima. Tume iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga ilichunguza msiba huo, na baadhi ya wakubwa wa shirika wakashtakiwa. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, Mwanza, na hapo pako makaburi yao na ukumbusho wao.

Huenda mtu akauliza, Karagwe na Kyerwa zahusikaje na meli? Sisi ni watu wa vilima na migomba. Ziwa lile kubwa hatulioni kutoka milangoni mwetu. Lakini siku zile barabara zetu zote za biashara zilishukia katika maji. Mtu aliyetoka Murongo au Nkwenda alipanda gari la mizigo mpaka Omurushaka au Kayanga, akashika njia ya vumbi mpaka Kyaka, kisha Bukoba, kisha bandarini. Mkungu uliokatwa shambani asubuhi, ukikawia njiani, huiva kabla ya kufika sokoni. Kwa hiyo meli ya usiku ilikuwa ndiyo njia ya mwenye ndizi. Mwanafunzi aliyekwenda kusoma mbali, mgonjwa aliyepelekwa hospitali ya Bugando, mfanyakazi aliyerudi kazini, wote walishukia pale pale. Basi riwaya ya meli ile haianzi majini. Yaweza kuanza katika kibanja cha mwanamke wa Kyerwa anayekata mkungu na kuufunga kwa makoba ya migomba. Kijana wetu aliposikia neno hili aliuchana ule ukurasa wake wa dhoruba.

Na sasa twaja kwenye makosa yake, kwa maana makosa ni mwalimu mzuri.

Kosa la kwanza ni dhoruba. Meli haikupinduliwa na dhoruba ya usiku wa manane. Ilipinduka asubuhi, karibu na mwisho wa safari, watu wakiwa wamekwisha kuanza kufikiri juu ya mizigo yao na jamaa waliokuwa wakiwangoja gatini. Mtunzi akitia dhoruba, aweza kumfurahisha msomaji, lakini ameuficha ukweli. Kwa sababu dhoruba haina mwenyewe wa kulaumiwa, bali mzigo kupita kiasi una mwenyewe. Meli husimama wima kwa sababu uzito wake mkubwa u chini. Ukijaza watu na mikungu juu ya sitaha, uzito unapanda, na chombo kinakuwa kama mtungi uliojaa kichwani pa mtoto. Kikilala kidogo, watu huogopa wakakimbilia upande mmoja, na kukimbia kwao kunakizidishia kulala. Mtunzi akilijua jambo hili, hana haja ya mawimbi marefu kama nyumba. Yatosha kuonyesha kikombe cha chai kikiteleza juu ya meza, kisha kisirudi mahali pake.

Kosa la pili ni mwezi mpevu. Tulichukua kalenda, tukahesabu. Mwezi mpya ulikuwa tarehe 17 Mei 1996. Kwa hiyo usiku wa tarehe 20 mwezi ulikuwa bado mchanga, mwembamba kama ukucha, nao ulitua mapema. Meli ilisafiri gizani, chini ya nyota. Mtu atasema, "Hilo ni neno dogo." Kweli ni dogo, lakini wako watu waliokuwa juu ya sitaha usiku ule, na wengine wao wangali hai. Wakisoma habari ya mwezi mpevu, watakifunga kitabu, wala hawatakiamini kitakaposema neno kubwa.

Kosa la tatu ni simu ya mkononi. Vijana wetu hawawezi kuwaza dunia isiyokuwa na simu, lakini mwaka 1996 mwuza ndizi wa kwetu hakuwa nayo. Habari ilifika vijijini kwa redio. Sisi wenyewe tulikuwa watoto wa shule ya msingi siku zile, na twakumbuka watu wazima wamekizunguka chombo kimoja cha redio chini ya mti, wamenyamaza kimya, huku mmoja akiyapasha jua mawe yaliyochoka ili sauti isikatike. Mtu aliyekuwa na ndugu safarini hakuweza kupiga simu na kuuliza. Alingoja siku, akangoja juma, akisikiliza gari lo lote lipandalo mlima. Katika riwaya, kungoja huko kwaweza kuwa na uzito kuliko kuzama kwenyewe; na simu moja iliyotiwa kwa bahati mbaya ingekuharibu kote.

Kosa la nne lilikuwa jepesi, nalo lilituchekesha kidogo. Aliandika kwamba shujaa wake alitoka "wilaya ya Kyerwa." Mwaka 1996 hapakuwa na wilaya hiyo, Kyerwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe, ikatengwa mwaka 2012. Vivyo hivyo asisahau ya kwamba tangu mwaka 1994 maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa katika makambi ya Karagwe na Ngara, na njia zetu zilijaa malori ya misaada. Mtunzi anayepita barabara ile ya mwaka 1996 bila kuwaona hakupita barabara ile.

Tukiisha kuondoa makosa, tulijiuliza habari za kweli zapatikana wapi. Tuliziona chemchemi tatu. Ya kwanza ni maandishi: magazeti ya siku zile, ripoti ya tume, kumbukumbu za mahakama. Ya pili ni vitu na mahali: bandari ya Bukoba, gati la Kemondo, makaburi ya Igoma. Mtunzi na aende akasimame pale, ahesabu hatua kutoka lango mpaka majini. Ya tatu ni watu, yaani waliookoka, waliofiwa, wavuvi waliowaokoa wengine.

Katika chemchemi hii ya tatu yatupasa tahadhari. Aliyefiwa si gunia la habari, ufungue utakapo na ufunge utakapo. Yule kijana alipotaka kwenda kwa mzee mmoja aliyempoteza mkewe, tulimwambia asiende na daftari mkononi siku ya kwanza. Na aende na mtu mzima anayejulikana pale, aamkie, akae, azungumze habari za mvua na za kahawa. Mzee akitaka kusema, atasema. Alifanya hivyo, akarudi mara ya pili, na mara ya tatu mzee akamwambia, "Mwanangu, watu wote huniuliza alikufaje. Hakuna aliyeniuliza aliishije." Tangu siku hiyo kijana alibadili maswali yake yote.

Haya, sasa liko swali kubwa. Ikiwa mtunzi ashike tarehe, ashike mwezi, ashike njia, amebakiwa na ruhusa gani ya kubuni? Twasema amebakiwa na ruhusa kubwa, ila yabidi aitie mahali pake. Tazameni waliotangulia. Adam Shafi, katika riwaya yake Kuli iliyotoka mwaka 1979, aliandika juu ya mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Mgomo ulikuwa wa kweli. Lakini Rashidi, kijana tunayemfuata kitabuni, ni wa kubuniwa, na kwa njia yake twauona mgomo kwa macho ya mtu mmoja. Karibu zaidi nasi, katika kisiwa cha Ukerewe ndani ya ziwa hili hili, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 hadithi ndefu ya Myombekere na Bugonoka kwa lugha ya Kikerewe. Nayo ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Watu wa hadithi ile ni wa kubuniwa, lakini kilimo chao, uvuvi wao, dawa zao na adabu zao ni mambo ya Wakerewe wa zamani, yaliyoandikwa kwa uangalifu ili yasipotee.

Kwa mifano hiyo tulimpa kijana kanuni moja: Tukio liwe la kweli, mtu utakayeingia moyoni mwake awe wa kubuni. Usimchukue marehemu mwenye jina na jamaa, ukamtia maneno kinywani na mawazo kichwani, kwa maana hawezi kukukanusha. Wala usimchukue nahodha wa kweli ukamvika moyo wa shetani, au moyo wa malaika. Yaliyosemwa mahakamani yaandikwe kama yalivyosemwa. Mahali palipo wazi, ambapo hakuna karatasi wala shahidi, hapo ndipo shamba lako, lima hapo.

Na katika habari ya M.V. Bukoba mahali hapo palipo wazi ni pakubwa mno. Sikilizeni vema, kwa kuwa hiki ndicho kiini cha maneno yetu. Daftari la meli lilionyesha watu 443 katika daraja la kwanza na la pili. Hesabu hiyo peke yake ilikwisha kupita kipimo cha meli nzima. Lakini abiria wa daraja la tatu, wale waliolipa nauli ndogo, waliokaa na vikapu na mikungu yao, hawakuwa na daftari. Hawakuandikwa. Ndiyo maana hesabu ya waliokufa haikukubaliwa na wote hata leo. Si kwa sababu watu hawakujua kuhesabu baada ya msiba, bali kwa sababu hawakuhesabiwa kabla yake.

Linganisheni na meli mashuhuri kuliko zote zilizozama, Titanic, iliyogonga mlima wa barafu usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, ikazama usiku ule ule. Watu wapatao 1,500 walikufa, na maskini wa daraja la tatu walikufa kwa wingi kuliko matajiri. Hata hivyo, maskini wale waliandikwa majina yao walipopanda, nasi leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, twaweza kuyasoma. Bibi yule wa Kyerwa alikufa mwaka 1996, katika siku zetu sisi, wala hatuwezi kulisoma jina lake. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Walisema hivyo juu ya mali. Ikiwa mali yapotea hivyo, je, mtu?

Hapo twaona kwa nini riwaya ina kazi ambayo kitabu cha historia hakiwezi kuifanya. Mwandishi wa historia, akiwa mwaminifu, husimama pale daftari linapokoma. Hawezi kusema yule mwanamke alifikiri nini alipoutua mkungu wake sitahani. Mtunzi wa riwaya aweza kuendelea mbele, akamwumba mwanamke mmoja asiyekuwapo, ili awasimamie wengi waliokuwapo. Lakini tutamsadiki katika giza lile ikiwa tu alikuwa mkweli mahali penye mwanga. Ndiyo sababu tulikuwa wakali juu ya mwezi na simu.

Yuko pia mshawishi mwingine. Katika meli ile alikufa Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa viongozi wakubwa wa al-Qaeda, aliyekuwa akiishi katika nchi zetu bila kujulikana na wengi. Mtunzi wa mbali, akiisikia habari hiyo, atafanya kitabu kizima kuwa cha mtu huyo, na watu wetu watakuwa kama miti ya kando ya njia. Kijana wetu naye alishawishika, akasema kitabu kitauzwa sana. Tulimjibu, ndiyo, kitauzwa. Lakini dada ya bibi yako atazama mara ya pili. Mtu yule aliyejulikana jina lake na apewe sentensi moja. Kitabu ni cha wasiojulikana majina yao.

Ipo sura moja iliyomtetemesha kijana, nasi pia. Baada ya kupinduka, meli ilielea kwa muda, tumbo juu, na ndani yake walikuwamo watu hai. Waliofika kuokoa walisikia kugonga. Wakatoboa chuma ili wawatoe. Lakini hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka kwa tundu hilo, na meli ikazama. Mtunzi afanyeje? Ushauri wetu ni kwamba asiingie ndani. Na abaki nje pamoja na wale waliosimama juu ya chuma. Aonyeshe mikono yao, haraka yao, furaha yao walipoona chuma kimetoboka, kisha kimya. Asiwafanye wapumbavu, walitaka kuokoa, na walifanya upesi kama mtu afanyavyo nyumba ya jirani iwakapo moto. Wala asibuni vilio vya waliomo ndani. Msomaji atavisikia bila kuandikiwa.

Basi tuliipanga riwaya katika sehemu tatu. Ya kwanza ni njia: kutoka shambani mpaka Kemondo, polepole, pamoja na vumbi, bei ya ndizi, na watani wa njiani, ili msomaji awapende watu kabla ya kuwaogopea. Ya pili ni meli: usiku mmoja na asubuhi moja, nayo iwe fupi kuliko zote. Ya tatu ni kungoja: redio chini ya mti, safari ya mume kwenda Mwanza kutafuta, safu za makaburi ya Igoma, na kurudi kwake mikono mitupu. Kwetu mtu huzikwa katika kibanja chake, karibu na migomba yake na watu wake. Mume yule atarudi, na katika kibanja chake hakutakuwa na kaburi. Hapo ndipo hadithi ikomee.

Kijana aliuliza kama haifai kuongeza sura ya mwisho, kusema kwamba watu walijifunza na mambo yakawa mema. Tulimwambia aitazame kalenda tena. Tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa hili hili, kivuko cha M.V. Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kuchukua watu 101; waliokufa walizidi 220. Mtunzi mwaminifu hawezi kuandika sura ile ya faraja.

Wasikilizaji, wengi wenu hamtatunga riwaya, wala hapana lawama. Lakini iko sehemu ya kazi hii ambayo kila kijiji chaweza kuifanya, na wakati unapita, maana wanaokumbuka wanazeeka. Mwalimu na achukue daftari moja jipya. Wanafunzi na waende kwa wazee, kwa adabu, wakaulize: Nani kutoka hapa alisafiri siku ile? Aliitwa nani? Mtoto wa nani? Alichukua nini? Aliishije? Yaandikwe kwa wino, na daftari liwekwe shuleni mahali pasipoingia mchwa.

Kijana wetu amekwisha kuanza. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake jipya hamna dhoruba wala mwezi. Pana jina moja la mwanamke, jina la baba yake, jina la kijiji, na chini yake maneno haya: mikungu sita, vikapu viwili vya maharagwe.

Kwa leo twaishia hapa. Kwaherini.